Gharama za kubadili jina kisheria Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mbeya. Si wakili, na sitozi hela. Kazi yangu ni kuwaelekeza watu waingie mlango gani kabla hawajapoteza nauli. Maswali haya nimeyasikia Mwanjelwa, nimeyasikia Tukuyu, nimeyasikia hata msibani. Nimeyapanga kwa jinsi watu wanavyoyauliza.

Kubadili jina ni shilingi ngapi?

Hili ndilo swali la kwanza, na mtu huliuliza akiwa bado amesimama mlangoni. Halina jibu la neno moja kwa sababu unalipa mara tatu. Kwanza unalipia hati yenyewe, yaani wakili, kiapo, ushuru wa stempu na usajili. Pili unalipia safari na karatasi: nauli, picha za pasipoti, kopi, chakula cha mchana na siku ambayo hukufungua duka. Tatu unalipia kile ninachokiita mkia, yaani kila kitambulisho, kadi na hati inayobeba jina la zamani, ambayo sasa lazima ilifuate jina jipya.

Watu wengi huja na bajeti ya hati tu. Wakishaipata wanafurahi, wanaiweka kwenye fremu, halafu mkia unawachapa. Ninachoshauri siku zote ni kuanza kuhesabu kutoka nyuma. Chukua karatasi, orodhesha kila mahali jina lako lilipoandikwa, ndipo uulize bei ya wakili.

Jina langu limekosewa herufi moja tu. Nalo ni kubadili jina?

Hapana, na hapa ndipo watu wa huku kwetu wanapotupa pesa nyingi kuliko kwingine kote, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Majina yetu ni magumu kwa makarani. Ambakisye anaandikwa Ambakisie. Anyosisye anageuka Anyosisie, na siku nyingine Anyosise. Mwakyoma anakuwa Mwakioma kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwakyoma kwenye cheti cha kidato cha nne, na benki wanaweka wanachojua wao. Kinyakyusa hakina sauti ya r, kwa hiyo Gloria aliyetajwa na bibi yake zahanati huandikwa Glolia, na Fredrick ana sura zisizopungua nne. Hakuna aliyebadili jina hapo. Ni mtu yuleyule, jina lilelile, kalamu tofauti.

Kwa tatizo la namna hiyo huhitaji hati ya kubadili jina. Kuna njia mbili za bei nafuu. Ya kwanza ni kurudi kwenye ofisi iliyokosea na kuomba masahihisho, ukiwa na nyaraka zinazoonyesha jina sahihi. Kama cheti cha kuzaliwa ndicho kilichokosewa, nenda kwa msajili wa vizazi na vifo wa wilaya, dawati la RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Kama ni kadi ya benki, nenda benki. Ya pili ni kiapo cha majina: hati fupi unayoapa mbele ya kamishna wa viapo au hakimu kwamba Ambakisye na Ambakisie ni mtu mmoja, ndiye wewe. Kiapo ni karatasi moja au mbili, na bei yake haikaribii kabisa bei ya hati ya kubadili jina.

Sasa tahadhari. Kiapo kinaeleza, hakibadilishi. Utakuwa unakibeba kila unakokwenda, na kuna ofisi zitakazokikataa na kusema wanataka nyaraka zifanane. Kama majina yamechanganyika kwenye nyaraka tano na una safari ya kikazi au mafao yanayokaribia, huenda hati kamili ikawa nafuu zaidi mwisho wa siku. Lakini usianze nayo. Uliza kwanza ile ofisi inayokusumbua: mnataka kiapo au mnataka hati iliyosajiliwa? Waambie wakuandikie au wakuonyeshe kwenye mwongozo wao.

Hiyo hati yenyewe ni kitu gani, na pesa zinaishia wapi?

Ni tamko lako la maandishi kwamba umeliacha jina la zamani moja kwa moja na kuanzia siku hiyo utajulikana kwa jina jipya katika mambo yote. Makarani na mawakili wengi huiita kwa jina la Kiingereza, deed poll, kwa hiyo ukilisikia neno hilo dirishani usishtuke, ni karatasi hiyohiyo.

Wakili anaiandaa, unasaini mbele yake, na mara nyingi inaambatana na kiapo, picha zako, nakala ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa. Inagongwa ushuru wa stempu, kisha inapelekwa kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, chini ya Wizara ya Ardhi, kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117. Usajili ndio unaoipa nguvu. Hati iliyosainiwa na wakili lakini haijasajiliwa ni nusu ya kazi, na NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa) au Uhamiaji wakiirudisha usiwalaumu.

Ada za serikali zinalipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo unayopewa na ofisi husika, benki au kwa simu. Usimpe mtu taslimu dirishani. Sitaandika hapa ada ya usajili kwa sababu ada za serikali huguswa na Sheria ya Fedha, ambayo huanza kutumika tarehe 1 Julai kila mwaka, na ukurasa huu unaweza kusomwa na mtu miaka mitatu baadaye akaja kunigombeza. Omba kontroo namba kwanza, soma kiasi kilichoandikwa, ndipo upange.

Lazima niende Dar es Salaam?

Hapana. Kwa miaka mingi ofisi ya Msajili wa Hati ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ilikuwa hapa Mbeya, na mtu wa Njombe au Iringa alikuwa anapanda basi kuja huku. Mwaka 2020 wizara ilifungua ofisi za ardhi za mikoa, kwa hiyo anza na ofisi ya ardhi ya mkoa wako: Iringa, Njombe, Songwe au Mbeya. Mtu wa Iringa anayesafiri kilomita zipatazo 500 kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya usajili huu ameshauriwa vibaya, au kuna mtu aliyemlipia nauli kwa sababu zake.

Wakili anatoza kiasi gani?

Inategemea wakili, mji, na jinsi ulivyoingia ofisini kwake. Mawakili wa mjini Iringa na wa Mbeya hawalingani bei, na hata ndani ya jengo moja hawalingani. Usiulize "bei gani" ukaishia hapo. Muulize hivi:

- Bei hiyo ni ya kuandaa tu, au mpaka nipewe hati iliyosajiliwa mkononi?
- Ushuru wa stempu na ada ya usajili vimo ndani au nitalipa mwenyewe?
- Kiapo kimo?
- Nitapata nakala halisi ngapi?
- Nani atakwenda ofisi ya ardhi, mimi au karani wako?
- Kama wakikuta kosa, marekebisho nalipa tena?
- Kodi ya ongezeko la thamani imo?

Hilo la mwisho linasahaulika. Ofisi iliyosajiliwa kwa kodi hiyo, VAT, itaiongeza, na ikiwa ni asilimia 18, kwenye laki mbili hiyo ni 36,000, nauli ya kwenda Tukuyu na kurudi mara kadhaa.

Kuhusu nakala halisi: omba zaidi ya moja tangu mwanzo. Kuongeza nakala siku ya kusaini ni jambo dogo, kurudi kutafuta nakala iliyothibitishwa baada ya mwaka ni safari nyingine. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kupatana bei inaruhusiwa, wewe si wa kwanza. Wakili anayekuta umekuja na karatasi zote zimepangwa, jina jipya limeandikwa kwa herufi kubwa, hupunguza kwa sababu umempunguzia kazi.

Kuna kijana wa steshenari anaandika hati hizi kwa bei rahisi. Nimtumie?

Kuchapa, sawa. Kuandaa hati ya kisheria kwa malipo wakati si wakili, Sheria ya Mawakili inakataza. Na hati inatakiwa ionyeshe imeandaliwa na nani. Kuna vishoka wenye mihuri ya mawakili ambao hata hawajui jina lao linatumika. Nimeona hati ya aina hiyo ikikataliwa dirishani, mwenye hati akiwa ametoka Makete na mtoto mgongoni. Alilipa mara mbili: kwa kishoka, kisha kwa wakili wa kweli. Mahakama ina orodha ya mawakili mtandaoni, na dakika mbili za bando zinatosha kuangalia kama huyo mtu yupo na anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu.

Na kutangaza kwenye Gazeti la Serikali?

Hati za kubadili majina hutangazwa humo, na gazeti hilo hutoka Ijumaa. Muulize wakili kama tangazo limo kwenye bei yake. Taasisi nyingine huomba nakala ya ukurasa wenye jina lako, kwa hiyo ukiutoa, weka kopi tano na uhifadhi picha yake kwenye simu.

Hebu tuje kwenye mkia. Nibadilishe nini kwanza?

NIDA. Usibadilishe chochote kabla ya NIDA.

Sababu ni kwamba siku hizi karibu kila ofisi inavuta taarifa zako kutoka NIDA: laini ya simu, TIN (namba ya mlipakodi), pasipoti, leseni, benki. Ukienda benki na hati yako mpya wakati NIDA bado ina jina la zamani, mfumo utaonyesha la zamani na mhudumu atakurudisha. Namba yako ya NIDA yenyewe haibebi jina. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Kwa hiyo unabadilisha taarifa zilizo nyuma ya namba na kuchapishiwa kadi mpya. Kwa mfano wa kupanga tu, kadi iliyopotea hulipiwa 20,000, na mimi huwaambia watu watenge si chini ya hapo kwa ajili ya NIDA. Tenga pia muda, maana taarifa hubadilika kwanza na kadi huja baadaye.

Baada ya hapo:

Pasipoti. Pasipoti ya kielektroniki ya kawaida ni 150,000, ambapo 20,000 ni ya fomu na 130,000 ni ya pasipoti. Inadumu miaka 10. Jina likibadilika unaomba nyingine. Hapa nina kidonda changu binafsi: nilitoa pasipoti mpya miezi miwili kabla sijaamua kurekebisha jina langu la ukoo, kwa haraka ya semina ya Lusaka ambayo hata haikufanyika. Laki moja na nusu ikaenda, na nyingine ikafuata. Kama unajua utabadili jina mwaka huu na huna safari, iache pasipoti ilale.

Leseni ya udereva. Leseni mpya ni 70,000 kwa miaka mitano. Angalia tarehe ya mwisho ya leseni uliyonayo. Ikiwa imebakiza miezi michache, subiri ili jina jipya liingie wakati wa kuhuisha badala ya kulipa mara mbili.

TIN. Kubadilisha taarifa TRA hakukugharimu zaidi ya nauli na uvumilivu. Mwenye biashara akumbuke leseni ya biashara ya halmashauri, jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama lina jina lake, na mashine ya EFD.

Benki, SACCOS, na pesa za kwenye simu. Nyingi ni bure au ada ndogo ya kadi mpya. Lakini toa kwanza akiba ya kutosha ya mwezi mmoja, kwa sababu akaunti inaweza kusimama wakati wanahakiki. Hili si la kutisha, ni la kujipanga.

NSSF, PSSSF, bima ya afya. Bure mara nyingi, lakini usiyaache. Mtu anayestaafu na jina ambalo mfuko haulitambui atakula mafao yake kwa macho.

Kadi ya mpiga kura: Tume hurekebisha bure wakati wa uboreshaji wa daftari.

Na vyeti vyangu vya NECTA?

Vinabaki na jina ulilofanyia mtihani. Usitenge hela ya kuvibadilisha na usimpe mtu hela ya "kuvishughulikia", hapo ndipo vishoka wanapokula sana. Unachofanya ni kuambatanisha hati yako iliyosajiliwa kila unapopeleka cheti. Ndiyo maana nimesisitiza nakala halisi zaidi ya moja.

Kwa mwanafunzi ambaye bado hajasajiliwa mtihani wa taifa, huu ndio wakati. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la sita au kidato cha tatu, mwenye jina lenye utata, asingoje. Rekebisha kabla shule haijatuma majina. Ukichelewa, mtoto atatembea na karatasi ya maelezo maisha yake yote.

Nimeolewa. Lazima nichukue jina la mume, na ni gharama gani?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikulazimishi. Dada wengi hapa wanadhani ni lazima kwa sababu mchungaji aliwatangaza kwa jina la mume. Kanisani ni heshima, serikalini ni hiari.

Ukitaka kulichukua, cheti cha ndoa ndicho kinachokubeba mahali pengi, kwa hiyo uliza kwanza kama ofisi husika inaridhika nacho. Unaweza kuokoa gharama yote ya wakili. Mkia unabaki palepale: NIDA, benki, pasipoti. Na nisemeje hili bila kuonekana nawatakia mabaya: fikiria pia gharama ya kurudi. Mama mmoja wa Uyole, mfanyabiashara wa viazi, aliniambia, "Mwanangu, jina la baba halinidai." Alibaki nalo. Mumewe wala hakulalamika.

Nimebatizwa, au nimesilimu, nimepewa jina jipya. Nimeshabadili?

Kwa dini yako, ndiyo. Kwa serikali bado. Cheti cha ubatizo ni kielelezo kizuri cha kuambatanisha, lakini hakichukui nafasi ya hati iliyosajiliwa. Wengi wanaokuja kwangu na swali hili hawahitaji kubadili lolote. Jina la ubatizo linaweza kuishi kanisani na la Kinyakyusa likaishi benki, miaka hamsini, bila ugomvi. Hata Mkwawa jina lake refu lilikuwa Mkwavinyika, na kila mtu alijua anazungumziwa nani.

Kwa mtoto mdogo?

Mzazi au mlezi ndiye anayesaini kwa niaba yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ambaye hajasajiliwa kabisa, usikimbilie wakili. Mpango wa kusajili watoto wa umri huo na kuwapa cheti bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata ulizinduliwa kimkoa hapahapa Mbeya mwaka 2013, kisha ukaenea mikoa mingine. Msajili kwa jina mnalolitaka tangu mwanzo. Mlitamke taratibu, mliandike kwenye karatasi, mmpe mhudumu akopi herufi kwa herufi. Na kabla hujaondoka kwenye benchi, soma cheti. Kosa likionekana palepale hurekebishwa palepale, likionekana miaka kumi na miwili baadaye lina nauli yake.

Nina shamba na pikipiki kwa jina la zamani. Nitalipa kodi kama nimeuza?

Hujauza wala hujanunua. Mmiliki ni yuleyule, jina ndilo limebadilika. Kwa ardhi yenye hati miliki unapeleka hati yako ya kubadili jina ofisi ya ardhi ili iandikwe kwenye daftari, na unalipa ada ya kuandikisha. Kwa pikipiki au gari, TRA. Sema waziwazi dirishani: "Nimebadili jina, sihamishi umiliki." Karani aliyechoka akikujazia fomu ya kuhamisha umiliki utalipishwa mambo yasiyokuhusu.

Kwa shamba la kijijini lisilo na hati, mwone mtendaji wa kijiji, mpe kopi, na hakikisha majirani wanaopakana nawe wanajua. Hilo halina ada kubwa na lina faida kubwa. Nimekaa kwenye vikao vya mirathi Rungwe ambapo marehemu alikuwa na majina matatu: moja kwenye migomba, jingine AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), la tatu benki. Marehemu haapi. Watoto wakazunguka mwaka mzima kutafuta viapo vya wazee kuthibitisha kwamba baba yao alikuwa mtu mmoja.

Nipe mfano wa bajeti nzima.

Tuseme mwalimu wa Tukuyu, hana gari, ana pasipoti, ana akaunti mbili za benki. Namba za ada za wakili na serikali hapa ni za kupangia tu, wewe weka za kwako.

Wakili, pamoja na kiapo: 150,000. Ushuru na usajili: atenge 60,000, ikibaki ni yake. Safari nne za Mbeya, kila moja 15,000 pamoja na bajaji na chakula: 60,000. Picha na kopi: 15,000. NIDA: 20,000. Pasipoti: 150,000. Kadi za benki: 15,000. Jumla 470,000. Aongeze asilimia kumi ya dharura, 47,000, na kazi nzima inafika 517,000.

Angalia sasa. Hati yenyewe, yaani wakili na serikali, ni 210,000, chini ya nusu. Na akiiahirisha pasipoti mpaka itakapoisha muda wake, anabaki na 320,000 kabla ya dharura. Uamuzi mmoja wa kusubiri umemwokolea karibu theluthi moja ya gharama, si ya hati bali ya kazi nzima. Ndiyo sababu mimi sishindani sana na wakili kwa elfu kumi, nashindana na kalenda.

Sina hela zote kwa mkupuo. Nianze lini?

Habari njema ni kwamba gharama hizi hazidaiwi siku moja. Hati inaweza kutengenezwa mwezi mmoja, NIDA mwezi unaofuata, pasipoti mwaka ujao. Kitu pekee kisichofaa ni kusimama katikati kwa muda mrefu ukiwa na nusu ya nyaraka jina hili na nusu jina lile, hasa kama unatarajia ajira, mkopo au mafao.

Usianze Januari. Ada za shule, mbolea, na mvua zinazofanya barabara za Makete na Ileje kuwa safari ya siku mbili. Mkulima wa mahindi aanze baada ya mavuno, mwenye kahawa Mbozi asubiri malipo ya chama yaingie. Mwenye chai au parachichi anapata kidogokidogo, kwa hiyo atenge kidogokidogo. Kikundi cha VICOBA kinafaa kwa hili kuliko mkopo wa kwenye simu, ambao riba yake itakula zaidi ya ushuru wote wa stempu.

Na unganisha safari. Mtu wa Chunya au Kyela akija Mbeya Jumanne asubuhi anaweza kusaini kwa wakili, kupiga picha, na kupita NIDA kuulizia masharti siku hiyohiyo. Piga simu kabla. Usije Ijumaa mchana.

Kuna msaada wa bure?

Upo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, nasi hatutozi ushauri. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, wanatujua kwa majina. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, nayo huzunguka mikoani, na mawakili huwa wamekaa chini ya mahema wanasikiliza watu bure. Lakini ada za serikali utalipa mwenyewe, msaada huo hauzifuti.

Nimeshalipa wakili, miezi inapita, sioni hati. Nifanye nini?

Omba namba ya usajili, au kontroo namba iliyolipiwa na risiti yake. Kama kazi imekwenda ofisi ya ardhi, vitu hivyo vipo na vinatumwa kwa meseji ndani ya dakika moja. Kama havipo, hati bado iko kwenye droo. Andika barua fupi, kaa na nakala, mpe siku saba. Wakinyamaza, malalamiko dhidi ya wakili hupokelewa na Chama cha Mawakili Tanganyika na Kamati ya Mawakili. Mara nyingi barua tu inatosha kuifungua droo.